Mkate Uliotundikwa Ukutani

Wiki hii, ndani ya basi la kwenda mtaa wetu wa Mount Dennis, mama mmoja wa Kikongo anayehudumia wazee majumbani alikuwa akimsimulia mwenzake. Bibi anayemtunza, mzaliwa wa Uzbekistan enzi za Wasovieti, alikuwa ametundika mkate mkavu ukutani. Mama huyo, akidhani ni taka, akautupa.

"Bibi alilia, dada! Kumbe kwao anayesafiri huuma mkate, nao humngoja arudi aumalize. Ule aliuuma mwanawe aliyekwenda Tashkent, kule kwao."

"Ukafanyaje?"

"Niliutoa pipani, nikaupangusa, nikautundika."

Akapapasa mfuko uliokuwa mapajani. "Jumamosi mwanangu anahamia Alberta. Nimenunua mkate."

"Wa supamaketi? Utaota ukungu kabla hajafika!"

"Uote. Mradi aume."

Dola ile ya Wasovieti, iliyotanda mabara mawili, ilivunjika. Desturi ya mkate ingali hai, na sasa inapanda basi letu.