Mluzi Ndani ya Redio ya Baba

Nikipita kwa mafundi simu pale stendi na kunusa risasi ya kuchomelea inayoyeyuka kwenye ncha ya pasi zao, miguu yangu husimama yenyewe. Wao hudhani nimeleta simu mbovu. Kumbe mwenzao nimeshafika Mandewa, sebuleni kwetu, kwenye meza yenye mguu uliofungwa kamba, na baba ameinama juu ya vikopo vidogo vya bati vinavyong'aa, kila kimoja kama kidonge cha homa kilichoota miguu miwili.

Baba aliviita kristali. Ndani ya kila kimoja, alinieleza, kuna kipande cha jiwe jeupe, ndugu wa yale mawe tuliyokuwa tukiyagonganisha gizani yatoe mwanga. Ukilipatia umeme kidogo linatetemeka, wala halichoki. Alizichomoa kwenye televisheni zilizokufa, alizokuwa akipewa na wauza skrepa. Lakini hiyo haikuwa kazi yake, jamani, ilikuwa raha yake tu. Kazi yake ilikuwa kwenye mashine ya kukamua alizeti, pembeni ya injini iliyonguruma kutwa nzima. Jioni alirudi ananukia mashudu, ananawa mikono, anaketi mezani.

Shida yake ilikuwa moja. Redio aliyoiunda mwenyewe, ya kunasa stesheni za mbali, ilikuwa na mluzi. Mluzi mwembamba, alisema, kama inzi aliyefungiwa kwenye chupa, unaopita nyuma ya kila anayeongea. Aliamini dawa yake ni kupata kristali nne zinazotetemeka sawasawa, azipange kama chujio, sauti ipite na mluzi ubaki nje.

"Mama," aliniambia, maana nimerithi jina la mama yake, "siku redio hii ikitulia naaga mashine. Nafungua duka la redio, wewe unakaa kaunta."

Mimi nilikuwa nimeshachagua mpaka gauni la kukalia kaunta.

Alikuwa na kipimo alichokiunganisha mwenyewe, chenye namba nyekundu. Unachomeka kristali, namba zinakimbia, halafu zinatulia. Zile za mwanzo zilifanana kwa kila kristali. Za mwisho ndizo zilizogombana. Kazi yangu ilikuwa kuchomeka na kumsomea. Mwanzoni nilizionea kristali huruma. Asubuhi za upepo wa Singida, baridi ikiuma, nilizifumbata kiganjani na kuzipulizia pumzi, kisha ndiyo nazichomeka. Namba zikawa zinateleza hovyo. Baba alicheka mpaka akashika meza.

"Umezitia homa! Ziache zipoe, mama, zikwambie ukweli."

Tangu hapo nikawa nazishika kwa kibanio cha nyusi cha mama. Nasoma namba, naye anasema, "Paza sauti, mbona unameza maneno?" Napaza. "Bado unameza." Napaza tena, mpaka majirani nao wakawa wanazijua namba zetu.

Wakati mwingine nilimuuliza, "Baba, mbona redio inasikika vizuri tu?"

"Masikio yako bado machanga," alinijibu, kwa upole kabisa. Nikaamini. Nikawa nangoja yakomae nami niusikie mluzi.

Jumapili moja mchana zikapatikana nne. Tuliziacha zipoe, tukazipima, tukazirudia, namba hazikutikisika. Baba akazichomea mahali pake, akafunga redio, akawasha. Mtu wa mbali akaanza kusoma habari, sauti safi kama yuko jikoni kwetu. Nikaruka. Baba hakuruka. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akaongeza sauti, akaongeza tena.

"Baba Zuhura!" mama akapiga kelele kutoka uani. "Unatutoboa masikio, au unatutafutia wateja wa duka?"

"Upo," baba akaniambia. "Mluzi bado upo."

"Haupo, baba."

Akazima. Lakini kichwa kilibaki vilevile, kimeinama, kama mtu anayesikiliza. Akaitazama swichi. Akaigusa kwa kidole. Halafu akachomoa waya za betri, akazishika mkononi, akaendelea kuisikiliza redio isiyokuwa na umeme. Mimi nilijua huo ni ufundi. Nikamngoja anifundishe.



"Kristali hazina kosa," akasema hatimaye. Akazitoa moja moja, akazifunga kwenye pamba, akaniwekea mkononi. "Zitunze. Kesho nawahi mashine."

Duka hakulitaja tena, wala mimi sikumkumbusha. Nilidhani limesogezwa mbele.

Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa, siku nilipompeleka kwa daktari wa masikio. Daktari alitaka kujua kama husikia sauti yoyote mahali penye kimya. Nikamrudishia baba swali kwa kupaza, kama nilivyokuwa nikimsomea zile namba. Baba hakumtazama daktari, alinitazama mimi.

"Kama inzi kwenye chupa," akajibu.

Ilikuwa ni ile injini ya alizeti iliyomharibu masikio, na dawa haikuwepo. Siku hizi nikipiga simu nyumbani, anampa mama.

Mimi ni mtu wa kuota, bado naota lile duka. Lakini hata ndotoni baba amekaa mlangoni, midomo ya wateja inacheza, naye anatabasamu kwa kukisia. Zile kristali ninazo, ndani ya pamba ileile. Siku ile mchana alijua. Alijua akiwa ameshika waya za betri, na mtu pekee aliyekuwa naye pale alikuwa mtoto anayengoja kufundishwa.