Kufuli la Mstari wa 612

Kiraka chake cha arobaini na mbili kiliishi siku kumi na tisa. Siku ya ishirini kilitolewa, na msahihishaji aliisoma habari hiyo akiwa amesimama kwenye korido ya kiwanda cha uchapaji, simu mkono mmoja, kikombe cha chai mkono wa pili. Chai ilipoa humo humo.

Kiraka ni neno la watu wa kompyuta. Kompyuta haifanyi lolote bila mfumo endeshi, na ndani ya mfumo huo kuna kiini, sehemu inayozungumza na vyuma vyenyewe: kioo, kibodi, mashine iliyounganishwa kwa waya. Kiini alichokishughulikia yeye kiko wazi kwa kila mtu. Ukiona pa kurekebisha, unaandika badiliko lako, ndicho kiraka chenyewe, unaeleza sababu, unalituma kwa barua pepe kwa msimamizi wa sehemu ile. Akilikubali, linaingia katika kompyuta za watu ambao hutawaona maisha yako yote.

Kazi iliyompa mshahara ilikuwa nyingine. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akisoma prufu, yaani kurasa za majaribio, za vitabu vya shule, kalenda na fomu za serikali, akiwa na rula ya chuma na kalamu nyekundu. Wenzake walimwita Mama Nukta. Msimbo wa kompyuta aliuanza kwa hasira: programu ya kupanga kurasa ilikuwa ikila herufi za mwisho wa mstari, na hakuna aliyeweza kumwambia kwa nini. Akajiandikisha kwenye kozi ya Jumamosi. Baada ya miezi tisa alikuwa amejua kwa nini, na alikuwa amenasa.

Viraka vyake vyote vilikuwa vya usafi. Neno lililokosewa kwenye maelezo, mistari iliyopandana, jina la kitu kisichotumika na yeyote. Kulikuwa na programu ya ukaguzi iliyopita kwenye mafaili na kuorodhesha dosari kama hizo kwa maelfu, naye aliziokota moja moja jinsi mtu anavyookota mawe kwenye mchele. Hakuona aibu yoyote. Ukurasa mchafu ni ukurasa mchafu.

Kiraka cha arobaini na mbili kilikuwa katika faili la mistari elfu moja na mia tisa, linaloendesha kadi fulani ya zamani ya kuunganishia mitambo ya viwandani. Mstari mmoja ulisoma hali ya kadi na kuihifadhi, kisha hakuna aliyeitazama tena. Programu ya ukaguzi ililalamika kwamba kitu kimehifadhiwa bure. Alikifuta, na usomaji wenyewe akaufuta pamoja nacho. Asichojua ni kwamba kadi ile, ikishatoa ishara, hainyamazi mpaka hali yake isomwe. Aliyeuandika mstari ule hakuwa na haja na jibu. Alitaka kule kusoma. Mahali fulani mbali, kiwanda cha kufungasha unga kiliweka toleo jipya la kiini, mashine ikajaza mfuko mmoja wa karatasi, ikasimama na kukaa kimya siku nzima.

Msimamizi, ambaye alimjua kwa barua tu, hakutukana. Ingekuwa afadhali angetukana.

"Usafi huu unakuchukua dakika tano," aliandika. "Mimi unanichukua saa nzima, kwa sababu ni lazima nihakikishe hujavunja kitu. Kila mstari unaougusa unafunika alama za aliyeuandika na sababu yake. Wanaorudisha marekebisho kwenye matoleo ya zamani wanajikwaa kwenye mistari uliyoipanga upya. Sisemi uchafu ni mzuri. Nataka unionyeshe faida ya huu usafi inazidi hasara yake. Nitasoma mfululizo mmoja tu zaidi wa viraka kutoka kwako. Ukivunja kitu tena, barua zako zitakuwa zinakwenda pipani bila kufunguliwa."

Alikuwa na viraka kumi na kimoja tayari kwa faili lile lile. Alivitazama wiki mbili bila kuvituma.

Siku ya kwanza ya wiki ya tatu, alipokuwa akipita na bahasha ya prufu, alimkuta fundi mitambo, Mzee Grisi, amepiga magoti nyuma ya mashine ya kukunja karatasi. Kompyuta ya mashine ilikuwa wazi matumbo nje, na mzee alikuwa akifuta vumbi kwenye kadi kwa brashi ya kunyolea.

"Imenuna tena," alisema bila kugeuka. "Karatasi imekwama, nimeitoa, sasa bibi harusi hataki kuondoka kitini. Mpaka uzime kila kitu, uhesabu hadi thelathini, ndipo anakubali."

"Kila karatasi ikikwama?"

"Hapana. Ikikwama hapa mwisho, hana neno. Ikikwama mwanzoni, kabla ya mkunjo wa kwanza, ndiyo hasira zake. Mwaka wa sita huu. Ni uzee, Mama Nukta. Hata mimi nikikwama asubuhi, siondoki."

Msahihishaji hakucheka, maana macho yake yalikuwa kwenye kadi. Pembeni, chini ya vumbi, palikuwa na tarakimu nne alizozijua kwa moyo. Ndizo zilizokuwa jina la faili. Miaka miwili alikuwa akifagia chumba asichowahi kuingia, na mlango wake ulikuwa hatua ishirini kutoka mezani pake.

"Mzee wangu," alisema, "nataka kuiazima mashine yako."

"Uende nayo wapi, sokoni?"

Meneja aliruhusu kwa masharti mawili: saa ya chakula cha mchana tu, na diski ya kompyuta isiguswe, watumie ya akiba. Kuanzia siku iliyofuata, wengine walipokwenda kula, wawili hao walibaki. Yeye aliweka kiini chenye kiraka kimoja, mzee alipitisha karatasi mia tano za taka, kisha kiraka cha pili, karatasi mia tano nyingine. Mzee alilalamika mwanzo hadi mwisho na hakukosa hata siku moja.

"Hii unayoweka leo inafanya nini?"

"Inaondoa nafasi mbili zilizozidi kwenye mstari."

"Na mashine itasikia tofauti gani?"

"Hakuna."

Mzee aliweka chini rundo la karatasi. "Mama Nukta, yaani njaa yangu yote hii ni ya nafasi mbili?"

Lilimwingia kuliko barua ya msimamizi. Alasiri ile alivitandaza viraka vyote kumi na kimoja mezani, vimechapwa kwenye karatasi, akajiuliza kuhusu kila kimoja swali moja: mtu atakayelisoma faili hili kesho atakosea wapi kama sikukituma? Vinne havikuwa na jibu zaidi ya kwamba programu ya ukaguzi ingenyamaza. Akavichana. Mkono ulimuuma kama mtu anayechana picha zake mwenyewe, lakini akavichana. Vilibaki saba.

Kimojawapo alikiandika upya, kikarudisha heshima ya ule mstari aliouua: usomaji ulibaki, kile kitu cha bure kikaondoka, na juu yake aliandika maelezo ya sentensi mbili. Usiuondoe mstari huu. Kusoma ndiko kunakoinyamazisha kadi.

Kulikuwa na jambo moja zaidi ambalo uchapaji ulimfundisha na kompyuta ilimsahaulisha. Prufu ya hatari, kama jedwali la dozi za dawa, haisomwi na mtu mmoja kimya kimya. Wanakaa wawili. Mmoja anasoma kwa sauti, neno kwa neno, nukta kwa nukta, na mwenzake anafuata kwenye nakala kwa rula. Macho yaliyozoea huruka, ila sikio haliruki. Nyumbani msomaji wa pili hakuwepo. Mumewe alipoona lile rundo la karatasi alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli kwa jirani. Akabaki wifi yake, msusi, aliyekuja Jumamosi alasiri kupumzisha miguu.

"Wifi, soma tu kilichoandikwa. Huna haja ya kuelewa."

"Nimeolewa miaka ishirini, hiyo naijua," wifi alisema, akavuta kiti.

Msimbo ulikuwa wa Kiingereza na alama, lakini maneno yenyewe ni machache na yanajirudia, na kufikia ukurasa wa tatu wifi alikuwa ameyazoea na kuyapa majina yake mwenyewe kwa Kiswahili. Mabano ya mawimbi aliyaita masharubu. "Masharubu fungua. Funga kufuli. Angalia karatasi. Masharubu funga. Mama wee, hawa watu wanafunga na kufungua kuliko askari jela."

"Ni ili wawili wasiingie pamoja," msahihishaji alieleza, rula mkononi. "Anayetaka kuiagiza kadi anafunga kufuli, anafanya lake, anafungua, mwenzake anaingia."

"Kama choo."

"Kama choo. Endelea."

Wakafika mahali ambapo kiraka cha saba kilirekebisha herufi moja kwenye maelezo, mstari wa 610. Alikuwa amepita hapo mara tatu kwa macho yake mwenyewe. Wifi alisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza vituo: "Funga kufuli. Kama karatasi imekwama, rudi na kosa. Kunja. Fungua kufuli. Rudi salama." Akarudisha kidole juu. "Huyu wa kwanza."

"Yupi?"

"Huyu anayerudi na kosa. Huyu wa mwisho amefungua ndipo akarudi. Yule wa karatasi iliyokwama mbona karudi tu? Ufunguo kamwachia nani?"

Rula ilisimama kwenye mstari wa 612.

"Soma tena," alisema.

"Nasoma hivi hivi ilivyo, wifi, mimi sijaongeza kitu. Kafunga choo kwa ndani, karatasi imemkwamia, katoka dirishani. Sasa foleni nzima imesimama mlangoni, wanadhani kuna mtu."

Kwa miaka sita mzee mmoja alikuwa akihesabu hadi thelathini kwa ajili ya mstari mmoja uliosahaulika. Msahihishaji alimkumbatia wifi yake kwa nguvu hadi rula ikaanguka.

"Kumbe nimefanya nini?" wifi aliuliza.

"Umefungua choo."

Siku ya kazi iliyofuata alimsimulia fundi habari ya choo na foleni, na hawakusubiri karatasi ikwame yenyewe. Mzee Grisi alikunja moja kwa makusudi, akaiingiza ikakwama kabla ya mkunjo wa kwanza. Kwa kiini cha zamani walifanya hivyo mara kumi, na mara zote kumi mashine ilinuna. Msahihishaji akabadilisha, akaweka kiini chenye mstari mmoja mpya. Karatasi ikakwama, mzee akaitoa, akabonyeza kitufe, rola zikazunguka. Wakarudia mara ishirini. Zikazunguka mara ishirini.

Mzee alivua kofia na kuitazama mashine kama mtu aliyegundua kwamba mkewe anajua kuogelea.

Alipoandika barua yake hakujitetea. Alitanguliza kiraka kipya peke yake, kifupi, bila usafi wowote ndani yake, ili wenye matoleo ya zamani waweze kukibeba bila kujikwaa. Saba vya usafi vilifuata nyuma. Alitaja vinne alivyovichana na kueleza kwa nini. Aliandika kwamba kasoro ya mstari wa 612 haikupatikana na kiraka cha usafi. Ilipatikana kwa sababu faili lilisomwa lote, kwa sauti, na watu wawili, na lilisomwa hivyo kwa sababu aliogopa kulisafisha vibaya kwa mara ya pili. Chini ya kila kiraka kuna mahali pa kumtaja aliyekijaribu kwenye mashine halisi. Hapo aliweka majina kamili ya Mzee Grisi, yale ya kwenye kitambulisho, ambayo hata kiwandani hakuna aliyeyajua.

Jibu lilichukua siku sita. Lilimkuta kwenye korido ile ile, na safari hii alikaa chini kabla ya kulifungua.

"Nimechukua vyote vinane. Cha kwanza kinakwenda kwenye matoleo yote ya zamani tunayoyatunza. Watu wa unga wamekijaribu, wanasema na wao, mfuko ukikwama, ugonjwa huo walikuwa nao na walidhani ni umeme. Vinne ulivyovichana ndivyo vilivyonifanya nivisome hivi kwa makini. Faili hili halina mlezi tangu aliyeliandika aondoke. Nimeandika jina lako. Kuanzia sasa, anayetaka kuligusa atapita kwako kwanza."

Alilisoma kwa sauti, nukta kwa nukta, hadi mlinzi wa mlangoni akageuka. Kisha alikwenda kumwonyesha Mzee Grisi jina lake kwenye kioo cha simu. Mzee alilisoma polepole.

"Na hili litakaa humo mpaka lini?"

"Halifutiki, mzee wangu."

"Basi ungeandika na Grisi, wasije wakadhani ni mtu mwingine."

Jumatatu, kiini kipya kikiwa tayari kwenye diski ya kazi, karatasi ilikwama. Msahihishaji aliisikia akiwa mezani pake, rula juu ya mwezi wa nne wa kalenda. Mzee aliitoa, akabonyeza kitufe, na kwa mazoea ya miaka sita akampa mashine kisogo, akauendea ukuta wenye swichi kuu huku akihesabu kwa sauti kabla hata ya kuizima: moja, mbili, tatu. Nyuma yake rola zilikuwa zimekwisha anza kuzunguka. Chumba kizima kiliangua kicheko. "Endelea, mzee! Bado ishirini na saba!"

Akageuka, akaisogelea mashine, akaipiga kofi moja la upole ubavuni.

"Masikini," aliiambia. "Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa umesimama kwenye foleni."