Ghuba Niliyoiandika Tupu

Miaka ile ya tisini magugu maji yalikuwa yamelitanda ziwa hadi mitumbwi ikashindwa kutoka. Ofisi yetu ya Mwanza ikaombwa ipime madhara kabla dawa ya kuyaua haijapuliziwa. Mimi, kijana mwenye diploma mpya na kiburi chake, nikatumwa kupanga mipaka: ghuba zipi tuzichunguze, zipi tuziache. Ambayo tungeiacha ingepuliziwa bila kupimwa.

Saa moja asubuhi tuliondoka Igogo kwa Landrova ya ofisi, harufu ya sangara ikitusindikiza. Jamani, hata harufu ile nimeikumbuka. Baada ya Misungwi tukaiacha barabara kuu, tukapita mashamba ya pamba na mihogo hadi ziwani.

Saa tisa alasiri nilisimama kwenye ghuba ndogo. Hapakuwa na mtumbwi, wavu wala mtu, magugu matupu. Nikaandika, "Haina matumizi. Iachwe nje." Nikajiona bingwa.

Jioni tulikaribishwa na Mama Kabula, mjane aliyelea wajukuu sita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nawa ule."

Ulikuwa ugali wa udaga, unga wa mihogo iliyolowekwa ikachacha, wa kijivu, wenye uchachu wake, kwa dagaa. Nilikula bila haya. Nikausifu, nikauliza mihogo yake huilowekea wapi.

"Pale pale uliposimama na makaratasi yako. Tunaizamisha chini ya magugu, tunaigandamiza kwa mawe siku nne. Kijiji kizima. Kwani hukuiona?"

"Sikuiona, mama. Na dawa ikipuliziwa pale, itaingia kwenye mihogo."

"Sasa hawa wajukuu nitawalisha nini?"

Niliona aibu kweli kweli.

Kesho yake mchana, Mwanza, nilimwekea mkuu wangu ramani mezani.

"Sisi tumeagizwa maji na samaki," akasema. "Ugali waachie watu wa kilimo."

"Mzee, ugali huo unalala ziwani siku nne."

Akachukua kalamu, akaizungushia ghuba ile mstari, nayo ipimwe. Baada ya vipimo haikupuliziwa, wanakijiji waliyang'oa magugu kwa mikono.

Mama Kabula ameshatutoka, na udaga ninaouziwa mjini haufikii wake. Tangu siku ile sipangi uchunguzi kabla sijala na wenyeji. Karatasi yangu ilikuwa imebakiza sahihi tu, na watoto wale wangelishwa dawa kwa mwandiko wangu mzuri.