Mkono wa Bibi Mlangoni

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Tooting, Uingereza, palikuwa na jambo moja lililokatazwa kuliko hata kusema uongo: kumwita mtu aliyekwisha vuka mlango. Ukisahau mwavuli, umesahau, utalowa. Bibi, mama yake baba, alikuja na mwiko huo kutoka Unguja pamoja na mbuzi yake ya kukunia nazi, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Alikuwa na sababu. Siku za Mapinduzi, Babu alitoka kwenda kujificha kwa dada yake. Alipofika uchochoroni, Bibi akamwita arudi achukue kofia yake. Akarudi, akaivaa, akatoka tena, na njiani akakutana na watu wenye bunduki. Hakuonekana tena.

"Kofia," Bibi alikuwa akisema. "Nilimwita kwa ajili ya kofia."

Kaka yangu Nassor ndiye peke yake katika ukoo mzima aliyeipenda baridi ya Uingereza. Sisi tulijibanza kwenye jiko la mafuta ya taa. Yeye alikwenda Scotland kupanda milima ya theluji na wenzake wa chuoni. Mama alisema amerogwa. Jioni moja Nassor alichukua sinia, akalimwagia unga, akaliinamisha taratibu. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha unga wote ukaporomoka kwa mpigo mmoja.

"Theluji mpya ikilala juu ya ile iliyoganda, haishikani," alituambia. "Upepo ukiirundika upande mmoja wa mlima, mguu wa mtu mmoja unatosha kuiangusha yote."

Bibi alimkemea kwa kuchezea unga wa chapati, kisha akacheka mpaka akatoka machozi.

Asubuhi ya safari yake ya mwisho, Nassor alimbusu Bibi mkono, akajitwika shanta, akatoka. Hajafika hata kituo cha basi, simu ikalia. Niliipokea mimi, maana Kiingereza cha Mama kilikuwa cha dukani tu. Alikuwa mwenzake Nassor, aliyeshuka jana yake mlima uleule Nassor aliokuwa akiuendea. Alisema upepo umegeuka, theluji imerundikana upande wanaopandia, mwambie Nassor asije.

Nilimweleza Bibi huku nikikimbilia mlango. Akanidaka mkono.

"Usimwite!"

"Bibi, mlima mbaya! Yule pale, namwona!"

"Keshavuka, mwanangu. Ukimwita unamtia nuksi. Akifika atapiga simu, tutamwambia."

Nilimtazama Mama. Mama alimtazama mkwewe, akainamisha kichwa. Kupitia kioo cha mlango niliona basi likija, na kaka yangu akipanda.

Hakupiga simu. Treni ilichelewa, yeye na wenzake wakalala kwenye kibanda kisicho na simu chini ya mlima, na kulipokucha wakapanda. Theluji ilikatika juu yao. Wenzake walimchimbua kwa mikono na kwa sahani zao za kulia, lakini walipomfikia alikuwa amekwisha poa.

Msibani Bibi hakulia. Alikaa kwenye zulia, mkono wake wa kushoto umeukamata wa kulia, ule ulionishika mimi, kama anayeuzuia usifanye tena kitu.

Nilimchukia, nasema kweli, na kwa muda mrefu. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipokumbuka jinsi mkono ule ulivyoning'ang'ania. Alikuwa akimwokoa mjukuu wake kwa njia pekee aliyoijua. Mume alimpoteza kwa kumwita, mjukuu kwa kutomwita, na hapakuwa na wa kumwambia angefanya nini.

Mwiko ule ulikufa na Nassor. Bibi hakutangaza; alianza tu kutuita. Ukifika getini unasikia, "Rudi!" Unarudi, anakutazama usoni, anasema, "Haya, nenda." Tulichelewa shule, tulikosa mabasi, na hakuna aliyemlalamikia.

Bibi tumemzika zamani. Majuzi theluji ilianguka Tooting, kidogo tu, na binti yangu akatoka kwenda kazini. Alikuwa amekwisha fika barabarani nilipofungua mlango nikamwita. Akarudi amekunja uso, theluji imemkaa kwenye nywele.

"What is it, Mum? Basi langu linakuja!"

Nilimtazama. Ana macho ya Nassor, na sijawahi kumwambia.

"Hakuna kitu," nikasema. "Haya, nenda."

Akakimbia. Nilibaki mlangoni nikimtazama akipanda basi, mkono wangu mmoja umeukamata mwenzake.