Kaka Yangu Halali Nyumbani mwa Mama

Kaka yangu mkubwa ana ulemavu wa akili. Miaka hiyo alikaa katika chumba chake cha kupanga mtaani Matisi, na jirani alimsaidia kupika. Siku moja mjomba alifika kutoka Bungoma kumchukua, akalale nyumbani mwa mama.

"Huyu ni mtoto, bana. Atachoma nyumba ya watu!"

"Mjomba, si ni wewe ulisimama naye akitahiriwa?" nilimuuliza.

"Ni mimi."

"Sasa kwa mila yetu, tangu lini mwanaume aliyetahiriwa analala ndani ya nyumba ya mama yake?"

Kaka alimwekea chai, kisha akachukua ufunguo wake.

"Kunywa, mjomba. Nataka kufunga nyumba yangu."

Mjomba alikunywa, akarudi Bungoma peke yake.