Kiranja wa Kuteuliwa

Mwalimu wa uraia hakuwa mtu wa kutafunia watoto majibu. Ukimuuliza swali, hufikicha chaki vidoleni, akasema taratibu, "Tafuteni wenyewe." Siku ile aliwagawia kanuni za shule, wachimbue nani ana mamlaka gani. Baada ya minong'ono mirefu, msichana wa dawati la nyuma, ambaye muhula mzima hakuwahi kufungua kinywa, akasimama.

"Mwalimu, hapa wanasema kiranja anachaguliwa na darasa. Wetu ulimteua wewe."

Mwalimu akaisoma karatasi mara mbili, masikio yakimwaka moto. Alitamani kusema muda umekwisha.

"Umenishika, mwanangu," akasema hatimaye. "Haya, nani anagombea?"

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa yuleyule msichana.