Siku Niliyokwangua Mashine ya Wafo Nikitafuta Dhahabu

Afadhali mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa Chacha, maana yeye huongeza chumvi (mimi huongeza kidogo tu): mimi hapa, mwanaume mwenye ndevu na cheti cha kidato cha nne nilichokitafuta kwa masomo ya jioni miaka mitatu, niliwahi kuamini kwa moyo wangu wote kwamba wazungu wa mgodini wanatorosha dhahabu ikiwa imegeuzwa vyombo vya jikoni. Inayeyushwa, inafinyangwa kuwa kikaango, halafu inapakwa rangi nyeusi ili walinzi getini waone chuma tu. Nyamongo nzima ilikuwa inasema hivyo, na Nyamongo nzima haiwezi kukosea, au ndivyo nilivyofikiri. Msinicheke bado. Sisi tunaoishi kwa kuponda magwangala, yale mawe ya mabaki ambayo mgodi unayatupa na ndani yake unaokota chembe walizozisahau, kitu kikiwa cheusi na kizito tunakikwangua kwanza ndipo tunauliza jina lake.

Sasa mke wangu Ghati alikuwa na mashine ya wafo. Ni kama kitabu cha chuma chenye waya wa umeme. Unamimina uji wa ngano na mayai, unafunga, ukifungua unatoa mkate wenye vyumba vyumba kama sega la nyuki. Aliinunua kwa mpishi wa kambi ya mgodi aliyekuwa anahama, akawa anauza wafo kwenye kijiwe cha bodaboda, na jamani, madereva walikuwa wanamwacha abiria amekaa juu ya pikipiki peke yake kama sanamu wakakimbilia wafo. Ubaya ni kwamba mashine yenyewe ilitoka mgodini, ndani ilikuwa nyeusi tii, na kila nikiibeba naona mkono unarefuka.

Jumamosi hiyo haikuwa ya mchezo. Bi Zainabu, mpishi mkuu wa kambi moja ya watalii kule Robanda, alikuwa amekuja Ijumaa kumsalimia kaka yake muuza vitambaa, akaonja wafo za Ghati, akasema, "Kesho saa tano nakuja kwako, nikuone unavyopika kuanzia unga mpaka sahani." Akiridhika, Ghati anapata ajira. Ajira ya mshahara, siyo ya kusubiri jiwe liseme! Ghati alikuwa anaitamani kazi ya jiko kubwa tangu sijamwoa, na usiku huo alipiga pasi gauni lake mara nne.

Asubuhi akatoka kutafuta mayai na maziwa. "Baba Bhoke," akaniambia mlangoni, "usiguse kitu."

"Nitakusafishia mashine tu."

"Nimeshaifuta. Usiiguse."

Nami nikaigusa. Nilitaka kusaidia, Mungu ananiona. Nikaifungua, na pale pembeni nikaona pamechunika kidogo, padogo kama ukucha wa mtoto, na chini yake panang'aa. Panang'aa njano! (Yalikuwa mafuta ya kupikia yaliyogandia, lakini wakati huo fizikia yangu yote ilikuwa imekwenda likizo.) Nikasema nikwangue kidogo tu, upana wa sarafu, nijiridhishe. Nikachukua stilwaya ya kusugulia masufuria, nikaongeza majivu, nikaongeza mchanga wa mtoni, na mnajua kukwangua kulivyo, huwezi kuacha katikati kama vile huwezi kuacha kujikuna, nikahamia chumba cha pili, cha tatu, nikachukua na msumari kwa ajili ya kona, mpaka kufika saa nne mashine ilikuwa inang'aa kiasi kwamba ningeweza kunyolea ndevu humo.

Ndipo Chacha, jirani yangu mchimbaji, akachungulia juu ya ua, akaniita kwa Kikurya kama tunavyoitana vijana.

"Mura, unafanya nini?"

"Nasafisha."

"Unasafisha huku ulimi umetoka nje? Mura, wewe umepata!"

Nikamwambia. Akaapa kwa ng'ombe wote wa baba yake kwamba hatamwambia mtu, na nadhani ng'ombe wale walikufa siku hiyohiyo, kwa sababu sikumaliza kunawa mikono uwanja ukawa umejaa. Rashi, ndugu zangu, zile mbio za watu wakisikia dhahabu imeonekana! Kila mtu na chombo chake. Bibi mmoja kaja na pasi ya mkaa, mwingine na kifuniko cha sufuria, dereva mmoja wa bodaboda kabeba kikaango cheusi cha shemeji yake, analalamika kwamba stilwaya zimekwisha maduka yote. Chacha akamimina ule unga mweusi niliokwangua kwenye karai, akaweka maji, akaanza kuzungusha kama yuko mtoni. "Nyamazeni," akasema, "dhahabu ni nzito, itatulia chini." Watu mia tatu (sawa, thelathini) wakazuia pumzi. Kilichotulia chini ni mchanga wangu mwenyewe.

Tukiwa tumeinama hivyo, nikasikia sauti ya Ghati nyuma yangu. "Karibu ndani, mama." Walikuwa wamekutana njiani, yeye na Bi Zainabu.

"Shikamoo!" umati wote ukamwamkia kama darasa.

"Marahaba," akajibu Bi Zainabu, akiitazama pasi ya mkaa, kikaango, na Chacha mwenye karai.

Ghati akaiona mashine. Akaweka mayai chini taratibu.

"Baba Bhoke."

"Naam."

"Nyeusi yangu iko wapi?"

"Iko kwenye karai."

Akaisuuza, akaikausha, akachomeka, akapaka mafuta, akamimina. Tulipofungua, wafo ilipasuka katikati, nusu imeng'ang'ania juu, nusu imeng'ang'ania chini, kama wagomvi wa mpaka wa shamba. Ya pili ikafanya hivyohivyo na moshi juu yake. Mimi nikaingilia na uma, nikatoa makombo ambayo hata kuku wetu aliyatazama akaendelea na safari yake.

"Imekataa kuachia," akasema bibi wa pasi. "Inalinda dhahabu yake."

Watu wakacheka. Ghati hakucheka. Nikaona macho yake yamejaa maji, na hapo ndugu zangu nilitamani shimo la mgodi linimeze. Lakini yeye akachomoa waya, akajifuta kwa kanga, akageuka kwa yule dereva.

"Shemeji, lete hicho kikaango."

Kikaango kile kilikuwa kizima, weusi wake wote upo, kwa sababu tu stilwaya zilikuwa zimekwisha. Akakiosha, akakiweka kwenye jiko la mkaa, na uji uleule wa wafo ukatoka chapati laini za maji, zinateleza zenyewe mpaka sahanini. Bi Zainabu akala moja. Akala ya pili. Ya tatu akaikunja na asali, akafumba macho.

"Jumatatu uje Robanda," akamwambia Ghati. "Mashine za kule ni nzima. Mtu wa kupika huku jiko limeharibiwa na mumewe na mtaa mzima unamcheka, huyo ndiye namtafuta."

Umati ukashangilia, nami nikashangilia kuliko wote, kisha nikaapa mbele yao kwamba stilwaya na mimi basi. Lakini (hapa ndipo aibu yenyewe ilipo) bado nilikuwa na swali moja moyoni, nikamsogelea Bi Zainabu taratibu nikamnong'oneza, "Sasa mama, ile dhahabu tungeikwangua mpaka wapi?"

Akaichukua mashine, akaigeuza, akanirudishia mkononi.

"Hii ni alumini, baba, kama sufuria lako. Ile nyeusi haikuwa inaficha kitu, ilikuwa inazuia unga usigande. Ukimaliza kupika unachomoa waya, unaacha ipoe, unafuta kwa kitambaa chenye maji kidogo, unaikausha. Mkeo alikuwa ameshaifuta."